Baiskeli ya kwanza ya mbio: uiboreshe, uiache ilivyo, au ununue nyingine?

Mtu akishaizoea baiskeli yake ya kwanza ya mbio, ushauri huanza kumfuata hata asipouomba. Huyu anamwambia abadili magurudumu. Yule anamwambia fremu ya alumini ni ya kujifunzia tu, atafute ya kaboni. Wa tatu anamwambia asiguse chochote, azidishe mazoezi. Wote watatu wanamwacha nyuma barabarani, kwa hiyo hajui amsikilize nani.

Mkanganyiko umezidi kwa sababu baiskeli zenyewe zimebadilika haraka. Breki zinazobana rimu, yaani ukingo wa gurudumu unaobeba tairi, zimeipisha breki ya diski, inayobana sahani ya chuma iliyoko katikati ya gurudumu. Gia za nyuma zimepanda kutoka nane au tisa hadi kumi na mbili. Matairi yamenenepa. Kwenye baiskeli za daraja la juu waya wa gia umeondolewa kabisa, na cheni inahamishwa na mota ndogo inayotumia betri. Aliyenunua baiskeli ya kawaida juzi tu anajikuta ana kitu cha kizamani kabla hata rangi haijachubuka.

Ninavyoona, mabishano mengi yanatokea kwa sababu maamuzi matatu tofauti yametiwa kapu moja. La kwanza ni matengenezo: kubadilisha kilichochakaa. La pili ni vipimo: kuifanya baiskeli ikae sawa na mwili wa anayeiendesha. La tatu ndilo uboreshaji wenyewe, yaani kuondoa kifaa kinachofanya kazi na kuweka kingine kilicho bora zaidi. Wengi wanaokimbilia la tatu wana shida ambayo ingeisha kwenye la kwanza au la pili.

Kwanza tuelewane kuhusu majina

Baiskeli ya mbio ninayoizungumzia ni ile yenye usukani uliopinda kwenda chini na matairi membamba, iliyotengenezwa kwa ajili ya lami. Ile ya kuanzia kwa kawaida ina fremu ya alumini, ina uzito wa kilo 9 hadi 11 hivi, na magurudumu mazito lakini imara.

Seti ya gia ni mkusanyiko wa vitu vinavyofanya kazi pamoja: vishikio vya kubadilishia gia na kushikia breki, krenki, cheni, vihamisha cheni vya mbele na nyuma, na kaseti, yaani lile rundo la duara za meno lililoko kwenye gurudumu la nyuma. Shimano, kampuni ya Japani iliyoenea zaidi katika soko hili, imezoeleka kwa madaraja yake: Claris yenye gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, kisha 105, Ultegra na Dura-Ace ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na 11 na sasa zinatengenezwa na 12. Washindani wake wakuu ni SRAM ya Marekani na Campagnolo ya Italia.

Jambo ambalo wauzaji hawalisisitizi ni kwamba kadiri unavyopanda ngazi hiyo, unachopata ni uzito mdogo, ubadilishaji laini zaidi na gia zilizokaribiana zaidi. Hakuna daraja linalokusukuma. Mguu uleule kwenye Claris iliyorekebishwa vizuri na kwenye Dura-Ace utakwenda karibu mwendo uleule.

Nguvu yako inakwenda wapi?

Hapa ndipo penye jibu la mambo mengi, kwa hiyo tukae kidogo na hesabu.

Chukua mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli na chupa ya maji wana jumla ya kilo 85. Anakwenda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, hakuna upepo, mikono iko juu ya vishikio vya breki. Ukiacha kidogo kinachopotea kwenye cheni, anahitaji takriban wati 160. Kama wati 125 kati ya hizo zinaliwa na hewa anayoipasua. Wati 35 zilizobaki zinaliwa na matairi, kwa sababu mpira hubonyea unapogusa barabara na haurudishi nguvu yote unapojikunjua.

Sasa mpunguzie baiskeli kilo nzima. Kwenye tambarare hiyo ataokoa chini ya nusu wati. Mvalishe matairi mazuri badala ya yale magumu ya bei rahisi yaliyokuja na baiskeli, na ataokoa wati 10 hivi. Mwambie akunje viwiko na ainamishe kiwiliwili kidogo, ataokoa wati 10 hadi 15, na hapo hajanunua kitu.

Hewa ina tabia moja inayowashangaza wengi: haidai kwa usawa. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, nguvu unayoitumia dhidi ya hewa inapanda kwa theluthi moja. Ukitaka kwenda mara mbili, hewa inadai mara nane. Ndiyo maana kutoka kilomita 20 hadi 25 kwa saa huonekana kuja haraka kwa anayeanza, kisha kutoka 30 hadi 35 anagonga ukuta na kuanza kuishuku baiskeli. Baiskeli haina hatia hapo. Robo tatu hivi ya hewa inayozuiliwa inazuiliwa na mwili wake mwenyewe, kifua, mabega, kichwa na miguu. Fremu na magurudumu yanagawana kilichobaki.

Kuna mfano wa kihistoria unaoonyesha jambo hili kwa ukali. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman aliweka rekodi ya saa moja katika uwanja wa Manchester kwa kuendesha kilomita 56.375, mikono ikiwa imenyooshwa mbele kabisa na kiwiliwili kimelala. Baadaye shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, liliamua rekodi iwekwe kwa baiskeli ya mtindo wa ile aliyoitumia Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972: mirija ya duara, magurudumu ya spoki, usukani wa kawaida uliopinda. Boardman akarudi Manchester mwaka 2000 akiwa kwenye baiskeli ya aina hiyo na akafikisha kilomita 49.441, mita 10 tu zaidi ya Merckx. Miaka minne ilikuwa imempunguzia kitu, bila shaka, na alikuwa ukingoni mwa kustaafu. Lakini karibu kilomita saba ndani ya saa moja haziwezi kuelezwa kwa umri. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa ni namna mwili ulivyokaa.

Anza na mwili

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei za magurudumu, panda baiskeli mbele ya kioo au mwombe mtu akupige picha ya ubavuni. Urefu wa kiti unapimika nyumbani: ukiwa umekaa wima bila kuyumbisha nyonga, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti linatakiwa linyooke tu. Ukihamisha mguu hadi mahali pake pa kawaida, yaani ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole ikiwa juu ya pedali, goti litakuwa limekunja kiasi kinachofaa. Kipimo hiki si cha daktari, ila kinawakamata wale wengi wanaoendesha kiti kikiwa chini mno, halafu wanalalamika magoti yanauma kwa mbele na kwamba baiskeli "haina nguvu".

Baada ya hapo angalia umbali kutoka kiti hadi usukani. Viganja vikifa ganzi, shingo ikikakamaa, au ukijikuta unasogea mbele ya kiti kila baada ya dakika chache, huenda unafikia mbali mno. Shingo ya usukani, kile kipande kifupi kinachounganisha usukani na uma (ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele), inauzwa kwa urefu tofauti, na nyingi zinaweza kugeuzwa juu chini ili usukani upande au ushuke. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi, mradi waya hazipiti ndani yake. Kiti nacho ni suala la upana wa mifupa ya makalio, wala hakihusiani na unene wa sponji. Kiti laini sana huzama na kubana mahali pasipostahili kubanwa.

Mtu anayeweza kuinama kwa raha anakata hewa vizuri zaidi kwa saa mbili kuliko mwenye magurudumu ya kaboni anayeinuka kila baada ya dakika tano kunyoosha mgongo.

Lakini ikiwa fremu yenyewe ni kubwa au ndogo kwako kwa saizi nzima, simama hapo. Shingo fupi na nguzo ndefu ya kiti vinaziba pengo dogo. Havigeuzi fremu ya mtu mwingine kuwa yako. Kila unachokiweka juu ya fremu hiyo ni fedha inayokwenda mahali pabaya.

Kilichochakaa hujifanya kibovu

Gia zinaruka, breki zinahitaji mkono wote, kitu kinakwaruza kila ukikanyaga. Mwenye baiskeli anahitimisha kuwa seti yake ni duni na anataka ya daraja la juu. Mara nyingi kinachotakiwa ni cheni.

Cheni hupimika kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 mbele yake, cheni mpya ina milimita 304.8. Ibane iwe imenyooka, weka sifuri ya rula kwenye pini ya kwanza, usome. Ikifika 306 na nusu hivi, ni wakati wa kuibadilisha, hasa kama una gia 11 au 12 ambazo cheni yake ni nyembamba. Ikipita 308, kuna uwezekano mkubwa kuwa imeshakula meno ya kaseti, na ukiweka cheni mpya juu ya kaseti iliyolika itaruka vilevile. Cheni hairefuki kwa chuma kuvutika; ni pini na matundu yake yanayosagika kwa vumbi na mafuta machafu.

Waya za gia na maganda yake nazo hukaza kwa kutu na uchafu. Seti ya Sora yenye waya mpya na maganda mapya hubadilisha gia vizuri kuliko seti ya 105 iliyotelekezwa. Mpira wa breki ukiwa umekauka na kung'aa, hata rimu ya kifahari haitakusimamisha. Haya yote ni matengenezo. Usiyahesabu kama uboreshaji, na yafanye kwanza, kwa sababu huwezi kujua baiskeli yako ina kasoro gani kabla hujaiona ikiwa nzima.

Matairi: hapa toa fedha bila kusita

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli ya kuanzia, ningebadilisha matairi. Ndipo watengenezaji wanapobana matumizi, kwa sababu mnunuzi dukani huangalia fremu na jina la seti ya gia. Ni wachache wanaobonyeza tairi.

Tairi zuri lina nyuzi nyingi nyembamba zilizofumwa ndani yake na mpira usio mzito, hivyo linajikunja na kujikunjua bila kupoteza nguvu nyingi. Tairi la bei rahisi mara nyingi ni zito, kuta zake ni ngumu, na kingo zake zina waya wa chuma hivyo halikunjiki. Ukilishika mkononi utaona tofauti. Ukiliendesha utaisikia: baiskeli inakwenda kwa urahisi zaidi, na kwenye kona iliyolowa inashika.

Halafu kuna upana. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tairi jembamba lililojazwa hadi kuwa gumu ndilo lenye kasi, na milimita 23 ilikuwa kawaida. Siku hizi hata wanaoshindana Ufaransa na Italia wanatumia 28 na zaidi. Sababu inaeleweka ukiifikiria: lami haijanyooka. Tairi gumu mno linarusha baiskeli na mwendeshaji juu kwa kila kokoto, na nguvu ya kurushwa huko inatoka kwenye miguu yako. Tairi pana lenye upepo wa wastani linameza kokoto na kuendelea. Hisia ya kutikiswa tunaitafsiri kama mwendo; saa haikubaliani nasi.

Kabla ya kununua, pima nafasi. Fremu nyingi za breki za rimu zina mwisho wa milimita 25 au 28. Angalia pengo kati ya tairi na uma, tairi na fremu, tairi na breki, na uache milimita nne hivi kila upande kwa ajili ya kokoto na gurudumu linaloyumba. Kuhusu upepo, namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, wala si agizo. Mwenye kilo 60 hana sababu ya kujaza sawa na mwenye kilo 90.

Uzito na milima

"Lakini mimi napanda milima," atasema mtu, na ni hoja ya haki. Turudi kwa mwendeshaji wetu wa kilo 85 na wati zake 160. Mweke kwenye mlima wa asilimia 7, yaani unaopanda mita 7 kwa kila mita 100. Atapanda kwa kilomita 9 hivi kwa saa. Hewa sasa inadai wati chache tu. Karibu zote zinakwenda kuinua uzito.

Mpe baiskeli iliyo nyepesi kwa kilo mbili, hatua kubwa ambayo kwa kawaida inamaanisha fremu nyingine na magurudumu mengine. Kwenye mlima wa saa nzima atafika dakika moja na sekunde 20 hivi mapema. Kwa anayeshindana, hiyo ni tofauti kati ya kushinda na kusahaulika. Kwa asiyeshindana ni muda wa kunywa maji. Na sasa angalia hili: yale matairi mazuri tuliyoyasema yatamwokolea kwenye mlima uleule wati tatu hivi, karibu sawa na kile kilichookolewa na kilo mbili. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi mara nyingi zaidi.

Hata wenye uwezo wote duniani wana mpaka. Tangu mwaka 2000 UCI hairuhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8 katika mashindano yake. Chupa moja kubwa ya maji ina robo tatu ya kilo, na hakuna anayeshauriwa kuiacha nyumbani.

Wapo watakaokwambia kuwa gramu za magurudumu ni tofauti, kwamba uzito unaozunguka huhesabiwa mara mbili. Kuna ukweli kidogo. Uzito ulio kwenye rimu unahitaji karibu mara mbili ya nishati unapoongeza mwendo ghafla, kwa sababu unasonga mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja. Ukishafikia mwendo wako na kuushikilia, faida hiyo inaisha. Mlima unaopandwa kwa mwendo mmoja hautofautishi gramu ya rimu na gramu ya kiti.

Kinachowasumbua wengi mlimani ni gia, wala si uzito. Baiskeli nyingi za kuanzia zina duara ndogo ya mbele yenye meno 34. Kama kaseti inaishia meno 28, mwendeshaji wetu kwenye kilomita 9 kwa saa atakuwa anazungusha miguu mara 59 kwa dakika: mapigo mazito, magoti yanalia. Mwekee kaseti inayofika 34 na miguu itazunguka mara 71 kwa mwendo uleule na nguvu ileile. Kaseti ni kifaa kinachochakaa na kubadilishwa hata hivyo, kwa hiyo ukisubiri zamu yake ifike, uboreshaji huu unapatikana karibu bure. Muulize fundi jambo moja kwanza: kihamisha cheni chako cha nyuma kinabeba meno mangapi? Chenye mkono mfupi huwa hakifiki 34, na cheni pia itahitaji kuwa ndefu zaidi.

Mtego wa kifaa kimoja kinachozaa vingine

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu ana gia 8 na anataka 11. Anadhani atanunua vishikio na kaseti, basi. Ila vishikio vya gia 11 vinavuta waya kwa kipimo tofauti na kihamisha cheni cha gia 8, kwa hiyo nacho kibadilishwe. Cheni ya gia 11 ni nyembamba zaidi, nayo mpya. Kaseti nyingi za gia 11 za barabarani haziingii kwenye kitovu cha gurudumu la zamani la Shimano, ambacho ni kifupi kwa milimita 1.85, hivyo gurudumu la nyuma nalo linatakiwa. Ni vifungo vya shati: ukikosea tundu la kwanza, unalazimika kufungua vyote hadi chini. Hata ndani ya idadi moja ya gia kuna mitego. Tiagra ya kizazi cha 4700 ina gia 10 kama zile zilizoitangulia, lakini mvuto wake wa waya ni mwingine.

Breki ni mtego mkubwa zaidi. Fremu iliyotengenezwa kwa breki za rimu haina mahali pa kufungia diski, na nafasi ya gurudumu lake la nyuma ni milimita 130, wakati fremu za kisasa za diski hutumia 142 na ekseli nene inayopenya. Hakuna kifaa halali kinachogeuza moja kuwa nyingine. Ukitaka diski, unataka baiskeli nyingine. Ukitaka tu kusimama vizuri zaidi, nunua mpira bora wa breki na waya mpya. Kwenye rimu ya alumini iliyo safi tofauti yake inaonekana siku hiyohiyo.

Kutokana na hilo, kabla ya kununua kitu jiulize: nikibadilisha baiskeli kesho, hiki kitahama nami? Kiti kinachokufaa kitahama. Pedali na viatu vitahama. Magurudumu ya breki za rimu hayatahama kwenda kwenye baiskeli ya diski, na leo karibu baiskeli zote mpya za mbio za daraja la kati na la juu ni za diski. Ndiyo maana sipendi kumshauri mwenye baiskeli ya rimu anunue magurudumu ghali, isipokuwa ya kwake yamekufa, rimu imelika hadi kuwa na bonde ambapo breki inabana, au gololi zimekwisha kabisa.

Kuhusu viatu vinavyonasa kwenye pedali, navyo vimebebeshwa sifa isiyo yao. Watafiti waliopima matumizi ya oksijeni kwa mwendo wa kawaida hawakukuta kwamba kunasa kunaokoa nishati. Faida yake ni mguu kutoteleza, hasa unapokanyaga kwa nguvu au barabara ikiwa mbovu. Nunua kwa sababu hiyo.

Na kaboni?

Kaboni inaruhusu mtengenezaji kujenga fremu nyepesi na kuipa umbo linalopasua hewa vizuri. Je, ni laini zaidi kwa mwili? Inategemea ilivyojengwa. Ipo fremu ya kaboni ngumu kama jiwe na ipo ya alumini inayosamehe. Sehemu kubwa ya ulaini unaousikia unatoka kwenye matairi, kisha nguzo ya kiti na kiti chenyewe. Anayehama kutoka alumini yenye matairi ya 23 kwenda kaboni yenye matairi ya 30 ataisifu kaboni, na atakuwa amesifu kitu kisichohusika.

Wakati wa kununua nyingine

Zipo hali ambazo kuendelea kuitia fedha baiskeli ya kwanza hakuna maana. Fremu isiyo saizi yako ni ya kwanza. Ufa kwenye fremu au uma ni ya pili, na hiyo haingoji mjadala. Ya tatu ni pale unapohitaji kitu ambacho fremu haiwezi kukupa: matairi mapana zaidi kwa barabara za vumbi, au diski kwa sababu unashuka milima mirefu kwenye mvua. Ya nne ni ya hesabu tu. Mtengenezaji wa baiskeli hununua seti za gia kwa maelfu. Wewe unanunua moja, kwa bei ya rejareja. Ndiyo maana seti kamili ya daraja la juu pamoja na magurudumu vinaweza kukugharimu zaidi ya ulivyolipia baiskeli nzima, na bado utakuwa umekaa kwenye fremu ileile. Orodha yako ikifika vitu vikubwa viwili, simamisha ununuzi na ulinganishe jumla yake na baiskeli iliyokamilika, ikiwemo iliyotumika. Baiskeli iliyotumika yenye breki za rimu imeshuka thamani kuliko ubora wake, kwa sababu soko limekimbilia diski. Kwa asiyehitaji diski, hapo pana nafasi nzuri.

Ukinunua iliyotumika, zungusha magurudumu uone yanavyoyumba, shika krenki uitikise kushoto na kulia, pima cheni kwa rula ile tuliyoisema, na upitishe kidole na macho kwenye maungio yote ya fremu. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba karibu na maungio ni sababu ya kuondoka.

Na kama umeamua kuboresha uliyo nayo, usitupe vifaa vilivyotoka vikiwa bado vizima. Viweke kwenye boksi. Siku ya kuuza, mnunuzi atalipa bei ya baiskeli ya kuanzia hata kama ina kiti cha thamani na matairi ya mashindano, kwa hiyo rudisha vya zamani mahali pake, uhamishe vile bora kwenye baiskeli mpya, na kile kisichohama kiuze peke yake.